Sikio la Chiriku

Wasichana wote wa timu walimwita Shangazi, ingawa kwa damu alikuwa shangazi wa mmoja tu. Asubuhi alikuwa fundi wa mapazia. Alishona nyuma ya duka la vitambaa, mahali palipojaa marobota mpaka dari, chaki ya fundi ikiwa imemganda kwenye kucha na pini zimepangwa mdomoni. Wateja walizoea kuongea naye akiwajibu kwa kuguna. Alasiri, likizo ndefu ilipofika, alifunika cherehani kwa kitambaa, akanawa mikono, akaenda kwenye bwawa la kuogelea la manispaa kuwafundisha watoto bure.

Hakuna aliyemlazimisha. Ujanani alikuwa muogeleaji hodari wa shule, akaolewa, ndoa ikamshinda, akarudi kwa mama yake na cherehani moja na sanduku la nguo. Siku manispaa ilipobandika tangazo la kutafuta mtu wa kuwafundisha watoto kuogelea wakati wa likizo, watu walilisoma wakapita. Yeye alisimama. Alipoulizwa na mwenye duka ana kichaa gani cha kufanya kazi isiyo na malipo, alisema, "Majini hakuna anayeniuliza pazia lake litakuwa tayari lini."

Bwawa lenyewe lilikuwa limezeeka. Vigae vilikuwa vimebanduka pembeni, bomba la chumba cha kubadilishia nguo lilidondosha maji mchana kutwa, na harufu ya klorini iliingia kwenye nywele isitoke hata kwa sabuni ya kufulia. Lakini maji yalikuwa safi, na kwa watoto wa mtaa ule hiyo ilitosha.

Timu ilianza na wasichana wanne. Wa kwanza alikuwa binti mmoja mwenye mabega mapana na amri nyingi, ndiyo maana wakamwita Nahodha. Wawili walikuwa mapacha, watoto wa dereva wa basi, ambao waligombana nchi kavu na kupatana majini. Wa nne alikuwa Chiriku.

Chiriku ndiye mtoto wa kaka yake. Mama yake alifariki mtoto akiwa bado hajaota meno ya mbele, na baba yake aliendesha malori ya masafa marefu, akija nyumbani kama mvua ya kiangazi. Kwa hiyo alilelewa na shangazi yake na bibi yake, na jina la Chiriku alilipata kwa haki. Aliongea akila, aliongea akipiga mswaki, na mapacha waliapa kwamba aliongea hata chini ya maji, ndiyo maana mapovu yake yalikuwa mengi kuliko ya wengine. Bibi alikuwa kiziwi. Masikio yake yalianza kuuma akiwa mama wa watoto wadogo, yakatoa usaha, akaambiwa yamepona, kisha yakazimika moja baada ya jingine. Alisoma midomo, na mdomo wa Chiriku ndio uliomshinda. "Huyu anaongea kama cherehani yako," alimwambia binti yake. "Nakamata neno moja kati ya matano."

Likizo mbili mfululizo timu ilikwenda kwenye mashindano ya kupokezana na kurudi mikono mitupu. Chiriku ndiye aliyewafanya wenzake wasikate tamaa. Aliwaiga waamuzi, akamwiga kocha wa timu iliyowashinda, kicheko kikarudi. Likizo ya tatu akaja Mgeni.

Mgeni alikuwa mtoto wa muuguzi aliyehamishiwa mjini pale kikazi. Alikuwa mkimya, mwenye mikono mirefu, na jina hilo lilimganda hata alipokuwa amezoea kila kona ya bwawa. Haikuchukua muda kila mtu akaona. Alipoingia majini, maji hayakurushwa, yalimpisha. Shangazi alimshindanisha na Chiriku mara nyingi, akitumaini ataona matokeo tofauti. Kila mara Mgeni aligusa ukuta kwanza. Hakumwacha kwa mbali, lakini hakukosa hata mara moja.

Nafasi za kupokezana ni nne. Fundi yeyote anajua kitambaa kikipungua hakiongezwi kwa kukiangalia. Shangazi alilala na neno hilo, akaamka nalo, akaliandaa vizuri: Mwanangu, Mgeni anakushinda kidogo, safari hii ataogelea yeye. Ni maneno machache. Angeweza kumwambia hivyo binti wa mtu mwingine bila shida.

Asubuhi ya siku ya kuamua, Chiriku alikuwa jikoni na kipande cha mkate mkononi, akieleza mahali kombe litakapowekwa. "Juu ya friji, Shangazi. Kabatini Bibi hatalifikia, na mimi nataka kila akitoa maziwa alione." Kisha akasimama kwa mguu mmoja, akainamisha kichwa na kurukaruka, kwa sababu maji ya mazoezi ya jana yalikuwa hayajamtoka sikioni.

Shangazi alifungua mdomo. Akamtazama mtoto yule anavyorukaruka, mkate ukimdondokea, na ujasiri wote ukamtoka.

"Hebu nione hilo sikio," alisema.

Akawasha tochi ya simu, akachungulia. Aliona sikio safi la mtoto, na nta kidogo kama ilivyo kwa kila mtu.

"Mh."

"Kuna nini?"

"Pamekuwa pekundu. Sipapendi."

Chiriku alicheka. "Ni maji tu."

"Bibi yako naye alianza hivyohivyo."

Hakuwa amelipanga. Lilitoka tu, na neno likishatoka halina mkia wa kulishikia. Chiriku aliweka mkate mezani. Kutoka chumba cha nyuma walimsikia Bibi akizungumza peke yake kwa sauti kubwa, kama kawaida ya mtu asiyejisikia.

"Kwa hiyo mashindanoni siogelei?"

"Maji yataliharibu zaidi. Labda mwakani."

Mtoto alikusanya makombo ya mkate kwa kidole. "Basi Mgeni aogelee nafasi yangu," alisema. "Nitamwambia mwenyewe, asijisikie vibaya."

Shangazi alihisi nafuu, nafuu tamu kama maji ya baridi, na papo hapo akaona aibu kwa utamu wake.

Siku ya mashindano jukwaa lilijaa wazazi. Chiriku alikaa karibu na maji, pamba sikioni, taulo za wenzake zimepangwa mapajani. Filimbi ilipolia, pacha wa kwanza alichelewa kuruka na wakawa nyuma. Pacha wa pili alipunguza pengo. Kisha Mgeni akaruka juu ya kichwa cha mwenzake, akanyoosha ile mikono yake, na watu ambao hawakuwa na mtoto pale wakaanza kusimama. Alipowapita wawili, Chiriku alikuwa amekwisha kuangusha taulo zote kwenye maji yaliyotapakaa chini, akipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Nahodha ndiye aliyemaliza. Alikwenda sambamba na msichana wa timu iliyokuwa bingwa, bega kwa bega, na vidole vyake ndivyo vilivyogusa ukuta kwanza.

Walishinda. Timu ya bwawa lenye vigae vilivyobanduka ilichukua kombe. Mapacha walikumbatiana kama watu waliopotezana miaka. Nahodha alilia, na akamtishia yeyote atakayesema ameliona chozi. Kwenye jukwaa la washindi alimvuta Chiriku naye apande, lakini mwamuzi akasema medali ni nne na nafasi ni nne. Chiriku alishuka haraka kabla mtu hajabishana. "Mimi ni wa hospitali," alisema kwa sauti iliyokwaruza, na watu wakacheka.

Nje, baba wa mapacha aliwakusanya wazazi wenzake. Alikuwa mtu wa maneno, kama madereva wengi. "Nataka niseme jambo," alisema. "Kombe tumelichukua, sawa. Lakini mimi nimeona kubwa kuliko kombe. Huyu mama amemtoa mtoto wa kaka yake, mtoto aliyeanza naye timu, kwa sababu ya afya yake. Kocha mwingine angemsukuma mtoto mgonjwa majini ili ashinde. Huyu hapana. Watoto wetu wako kwenye mikono salama."

Wakapiga makofi. Shangazi aliinamisha kichwa, na wao wakadhani ni unyenyekevu. Muuguzi, mama yake Mgeni, alimshika mkono na kumuuliza sikio la mtoto linaendeleaje. "Linaendelea vizuri," alisema, akautoa mkono wake taratibu. Kilemba walimvika wote pamoja, lakini aliyejua kuwa ni cha ukoka alikuwa yeye peke yake.

Alijipa moyo kwamba uongo ule utakufa wenyewe. Angesubiri siku chache, angechungulia tena, angesema limepona, na maisha yangeendelea. Ndivyo alivyofanya. Siku hiyo Chiriku alikaa kimya huku tochi ikimmulika.

"Limepona," Shangazi alisema. "Kesho urudi bwawani."

"Bibi naye si walimwambia limepona?"

Shangazi alizima tochi. Ilikuwa kweli. Kila mtu katika nyumba ile aliijua hadithi hiyo, kwa sababu Bibi aliisimulia kila alipoguswa na homa.

Pamba haikutoka. Bwawani hakurudi. Na jambo lililomtisha Shangazi kuliko yote ni kwamba nyumba ilianza kuwa na utulivu. Chiriku alikula bila kuongea. Wakati mwingine alisimama katikati ya chumba akiwa ameinamisha kichwa, kama anayesubiri kitu. Jioni moja Shangazi alimkuta mbele ya redio, akipunguza sauti kidogo kidogo na kuweka sikio, kisha akipunguza tena. Alipoulizwa anafanya nini, alisema, "Napima tu."

Dukani mambo yalikuwa mabaya kwa namna nyingine. Mwenye duka alibandika ukutani picha ya timu na kombe, na kila mteja aliyeingia aliuliza. "Kumbe ndiye wewe? Yule aliyemtoa mtoto wa ndugu yake?" Habari ya sikio ilikuwa imekwenda mbali kuliko habari ya ushindi. Siku hizo Shangazi alikata pazia moja fupi kwa kiganja kizima, kosa ambalo hakuwa amelifanya tangu akiwa mwanagenzi. Alinunua kitambaa kingine kwa pesa za mfukoni mwake na hakumwambia mtu. Ilipofika zamu ya kombe kukaa kwao, Chiriku alilipandisha juu ya friji kama alivyosema, akalipangusa, akaenda zake. Shangazi alianza kunywa chai isiyo na maziwa.

Alasiri moja, kabla hajatoka kwenda bwawani, Bibi alimwita chumbani. Alikuwa amekaa kitandani na miwani yake mkononi.

"Mtoto wa kaka yako anakaa na mimi kila siku," alisema kwa ile sauti yake kubwa. "Nilifikiri ni mapenzi. Jana ameniomba nimfundishe kusoma midomo. Nikamuuliza ya nini. Akaniambia, Bibi, wewe ulishtukizwa, mimi nataka nijiandae mapema."

Shangazi aligeukia dirisha.

"Geuka," Bibi alisema. "Ukisema na dirisha mimi sisikii. Nani amemwambia mtoto huyu atakuwa kiziwi?"

Ikabidi aseme akiwa ametazamana na mama yake, polepole, midomo ikionekana kila neno. Hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia. Uongo alikuwa ameusema kwa kupitiwa, lakini ukweli alilazimika kuutamka kwa mapana, herufi kwa herufi. Alisema kuhusu Mgeni, kuhusu jikoni, kuhusu tochi.

Bibi aliipangusa miwani kwa ncha ya kanga.

"Ulitumia sikio langu," alisema hatimaye.

"Ndiyo, mama."

"Nimelibeba miaka yote hii, sikujua kama kuna kazi linaweza kufanya." Alivaa miwani, akaivua. "Mimi sitamwambia. Huo mzigo si wangu. Lakini leo usiende kwenye maji kabla hujaenda kwake."

Chiriku alikuwa uani, akianika nguo. Shangazi alichukua shuka upande wa pili, wakaikung'uta pamoja, na juu ya shuka hiyo akasema:

"Sikio lako halina kitu."

"Najua. Ulisema limepona."

"Halikupona, kwa sababu halikuumwa. Lilikuwa zima siku ile. Mgeni alikuwa anakushinda, nikaogopa kukuambia. Nikasema sikio."

Chiriku alibana pini ya kwanza kwenye kamba, kisha ya pili. Uso wake haukubadilika.

"Unasema hivyo ili nisiogope," alisema.

"Hapana, mwanangu. Nilikudanganya."

"Siku ile ulisema ni bovu, nikaamini. Leo unasema ni zima. Sasa nishike lipi?"

Shangazi alibaki ameshika ncha ya shuka. Alikuwa amejiandaa kwa kilio, kwa hasira, hata kwa mlango kubamizwa. Hakuwa amefikiria kwamba ukweli wenyewe ungefika ukiwa umechakaa.

"Twende kwa daktari wa masikio," alisema.

"Twende. Lakini wewe usiingie."

Daktari alikuwa mama mmoja mnene mwenye taa kwenye paji la uso. Alishangaa kidogo kuona mtoto akifunga mlango nyuma yake na mlezi akibaki nje, lakini hakuuliza. Shangazi alikaa kwenye benchi la korido, kati ya mzee aliyekuwa akisinzia na mwanamke mwenye mtoto mchanga. Mlangoni palikuwa na karatasi iliyoandikwa NYAMAZA, KIPIMO KINAENDELEA. Alinyamaza. Alifikiria jinsi alivyomwangalia mtoto yule akijipima kwa redio na bado akaendelea kusubiri jambo lijimalize. Uongo wa jikoni ulikuwa wa kupepesa jicho. Kunyamaza kulikofuata ndiko alikokufanya akiwa na akili zake zote, kila siku, akiamka nako na kwenda nako kazini.

Mlango ulifunguka. Chiriku alikuwa ameshika pamba mkononi.

"Amesema nasikia kumshinda yeye," alisema. Hakutabasamu.

Walirudi kwa miguu, mtoto mbele, mtu mzima nyuma. Walipofika kwenye kivuko cha barabara ikabidi wasimame pamoja kusubiri magari.

"Mgeni alinishinda kwa kiasi gani?"

"Kama mkono wako. Kutoka begani mpaka kwenye vidole."

Chiriku aliunyoosha mkono mbele yake, akautazama.

"Nilijua," alisema. "Mapacha walijua. Nahodha aliniambia kabisa. Nilikuwa nakusubiri wewe useme, na nilikuwa nimeshajizoeza nisilie mbele yako." Magari yalisimama, lakini yeye hakuvuka. "Sasa sijui kama ningelia au nisingelia."

Alipovuka aliongeza, bila kugeuka, "Na wenzangu uwaambie. Walinionea huruma ya bure."

Aliwaambia kesho yake, wakiwa wamekaa ukingoni mwa bwawa, miguu majini, Chiriku akiwa amesimama pembeni na nguo zake za kawaida. Mapacha walitazamana. Nahodha ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na sisi tukiwa polepole, utatuambia tunaumwa nini?"

Lakini aliyemchoma kuliko wote ni Mgeni, ambaye hakuwa na desturi ya kusema. "Kumbe nafasi ile niliipata kwa kuogelea," alisema. "Mimi nilidhani nimeachiwa na mgonjwa. Hata medali nilikuwa naona haya kuivaa." Kisha akajifuta uso kwa maji ya bwawa, na haikujulikana ni maji yapi anayafuta.

Shangazi alikwenda pia kwa baba wa mapacha, akamkuta akipangusa vioo vya basi. Mtu wa maneno yule alisikiliza mpaka mwisho. "Ningependa usingeniambia," alisema, akarudi kwenye vioo vyake. Watoto hakuwaondoa. Siku ya kufunga likizo, alipompa mkono, ilikuwa kama anavyompa abiria wa kawaida. Na wasichana, bila kukubaliana, waliacha kumwita Shangazi. Wakaanza kumwita Kocha, kwa heshima zote, na kila walipolitamka aliona mlango umerudishwa taratibu.

Chiriku alibaki kumwita Shangazi, kwa kuwa hakuwa na jina jingine la kumwita. Maneno yalimrudia mwaka ulipozidi kwenda, kwanza kwa Bibi, halafu kwa mapacha, mwisho mezani. Masomo ya midomo hakuyaacha. Alisema alishayaanza, na yanamsaidia kujua walimu wanasemezana nini dirishani.

Likizo iliyofuata alirudi majini. Hakuomba nafasi kwenye kupokezana. Alisema anataka kuogelea kwa mgongo, peke yake, aone mawingu. Kwa wiki kadhaa alimtaka Nahodha amtazame na kumsahihisha, na Shangazi aliwaachia, akishughulika na wadogo kwenye kina kifupi. Alikuwa amejifunza kutokudai kitu.

Siku moja Nahodha hakuja. Chiriku aliogelea kwenda na kurudi, akashika ukingo akihema, akapandisha miwani kwenye paji la uso na kumtafuta Shangazi kwa macho.

"Vipi?" aliuliza.

Ilikuwa mbaya. Ilikuwa mbaya kuliko siku za kwanza kabisa. Shangazi aliliona lile neno la kupoza likijongea kwenye ulimi wake, laini, likiwa limejiandaa lenyewe. Alilimeza.

"Polepole sana," alisema. "Nyonga inazama, na mguu wa kushoto haufanyi kazi."

Chiriku alitema maji, akamtazama usoni muda kidogo, macho yakiwa kwenye midomo yake. Kisha akashusha miwani, akausukuma ukuta kwa miguu yote miwili, akaenda.